KUPIGA MSASA GARI: NAMNA YA KUCHAGUA PEDI NA DAWA ZA KUNG'ARISHA RANGI

Katika toleo lililopita la gazeti hili mwenzetu mmoja alitufunza ufugaji wa sungura, na wengi wetu tulicheka hadi tulipoona amewauza wanane. Safari hii mhariri alinijia bwenini akaniambia, "Wewe kila likizo unarudi na kucha nyeusi. Tuandikie huo ufundi wako." Nikakubali haraka haraka, kumbe sijui nitateseka vipi kutafuta maneno. Kwenye gereji hakuna anayesema Kiswahili cha mtihani. Huko kila kitu ni "lete ile" na "shika hapa".

Tuanze basi na neno tunalolijua sote. Kwenye insha mwalimu hutuandikia kwa wino mwekundu: piga msasa lugha yako. Msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala wa zamani waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani kuja. Karatasi zilipokuja zikarithi jina la mti, na hatimaye hata insha zikaanza kupigwa msasa. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi hudhani kung'arisha gari ni kulipaka kitu, kama tunavyopaka viatu rangi Jumatatu asubuhi kabla ya gwaride. La hasha. Kung'arisha ni kukwangua. Unaondoa, huongezi. Asiyelielewa hilo ataharibu gari la mtu, nami ni shahidi, kama mtakavyosoma.

Gari la kisasa limevishwa nguo kadhaa. Ndani kabisa ni bati, juu ya bati ni praima, kisha inakuja rangi yenyewe, na mwisho ni utando usio na rangi ambao mafundi huuita klia. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 yamepakwa hivyo. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua. Nguo zote hizo kwa pamoja, gari likitoka kiwandani, aghalabu ni maikroni 100 hadi 150. Karatasi ya kawaida ya kupigia chapa ina unene wa kama maikroni 100. Klia peke yake mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50, yaani nusu tu ya karatasi hiyo! Chukua karatasi uishike, kisha ufikirie mashine yenye nguvu ikizunguka juu ya nusu ya unene wake.

Mikwaruzo ile unayoiona gari likiwa juani, imezunguka mwangaza kama utando wa buibui, imo ndani ya klia. Hutokana na nini? Mara nyingi hutokana na kuoshwa, ajabu hiyo! Kitambaa kimeanguka chini kikaokotwa kikaendelea na kazi, ndoo ni moja na maji yamegeuka tope, vumbi linapanguswa likiwa kavu. Nasi watu wa Nakuru vumbi hatuliombi, linakuja lenyewe. Ili mkwaruzo upotee, huna budi kuipunguza klia iliyo kandokando yake mpaka uso wote ulingane na sakafu ya mkwaruzo ule. Kila ung'arishaji basi unakula klia, na klia haioti tena kama kucha.

Tukisema kucha, hicho ndicho kipimo cha kwanza. Pitisha ukucha polepole juu ya mkwaruzo. Ukikwama, mkwaruzo huo ni wa kina mno, na kuufuatilia mpaka mwisho ni kuimaliza klia. Upunguze makali yake tu, uuache.

Sasa niwasimulie kosa langu.

Likizo ya Agosti 2024 nilikuwa kwa mjomba wangu, mwenye gereji ndogo ya kunyoosha bati na kupaka rangi. Alinilipa shilingi 200 kwa siku, na pesa hizo zilikuwa na kazi yake: nilikuwa nadaiwa vitabu viwili vya maktaba nilivyovipoteza. Wiki ya kwanza tulipata pikapu kuukuu, nyekundu, iliyopauka hadi ikawa kama tofali. Mjomba akanipa mashine, pedi ya sufu na dawa kali. Nilipoanza tu, pedi ikawa nyekundu kama iliyochovywa damu. Nikashtuka, nikaizima. Mjomba akacheka. "Endelea, mpwa. Hiyo ni kawaida." Nikaendelea, na pikapu ikatoka inang'aa hata mwenyewe alipokuja alilipita bila kulitambua. Kichwa kikavimba. Nikajiona fundi.

Jumatano tarehe 14 kikaja kigari cheusi cha mwalimu mmoja mstaafu. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi tarehe 17, na gari hilo ndilo lililopangiwa kumbeba bibi harusi. Lilikuwa na mikwaruzo ya kuoshwa tu, hata ukucha haukwami. Mjomba aliondoka kwenda kununua thina, akaniambia nilioshe na kulikausha, nimngoje. Mimi nikalikausha, nikaona kungoja ni kupoteza wakati. Nikachukua pedi ile ile ya sufu na dawa ile ile kali. Nilianzia kwenye boneti, nikafika kwenye ule mkunjo wa ukingoni karibu na taa, nikakaza mkono ili pang'ae zaidi. Pedi ikaanza kuwa nyeusi. Nikajiambia, hiyo ni kawaida. Si Mjomba mwenyewe alisema?

Nilipopangusa, kwenye ukingo palikuwa na mstari wa kijivu wa urefu wa kiganja. Nilikuwa nimeimaliza klia, nimeimaliza rangi, nimefika kwenye praima.

Jamani, kuna kunyamaza ambako ni kubaya kuliko kugombezwa. Mjomba aliporudi aliutazama mstari ule, akaweka thina chini, akavuta kiti akaketi. Baadaye akaniuliza, "Mpwa wangu, ile pikapu ilikuwa na klia?"

"Sijui, Mjomba."

"Basi hapo ndipo ulipoanza kukosea. Hukukosea leo."

Pikapu ile ilipakwa rangi ya zamani ya nguo moja, isiyo na klia juu yake. Kwa gari la namna hiyo ni lazima pedi ishike rangi, kwa maana rangi yenyewe ndiyo inayokwanguliwa. Lakini gari lenye klia likikutia rangi kwenye pedi, umeshatoboa. Dalili ni moja ila maana zake mbili, na mimi nilijua maana moja. Njia ya kutambua ni rahisi: kabla ya kuanza, chukua kitambaa cheupe na dawa laini kidogo, sugua mahali pamoja pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, hakuna klia.

Mjomba alikesha usiku ule akiipaka boneti upya. Bati, rangi na klia vilimgharimu zaidi ya alichokuwa alipwe, na ujira wangu wa wiki mbili ukaingia humo. (Vitabu vya maktaba vililipwa na mama, na hilo tumeshalizungumza nyumbani, nisiulizwe.) Alhamisi mwenye gari alipokuja, Mjomba hakuficha kitu. Yule mzee aliniangalia juu ya miwani.

"Kijana, uko kidato cha ngapi?"

"Cha pili, Mwalimu."

"Kesho nikija kuchukua gari, nataka unieleze ulichoharibu na kwa nini kiliharibika. Kwa Kiswahili. Sitaki 'ile kitu' wala 'hii nini'."

Usiku ule nami sikulala. Nilikaa karibu na Mjomba nikimuuliza na kuandika nyuma ya kalenda. Mnayosoma kuanzia hapa mengi yalitoka kwenye kalenda ile.

Kwanza pedi. (Wale wa viti vya nyuma, acheni kucheka. Fundi akisema pedi ana maana ya kile kitambaa au sifongo kinachobandikwa kwenye mashine.) Pedi ni za jamii tatu. Ya sufu, yaani manyoya ya kondoo au ya kuigiza, ndiyo inayokata upesi kuliko zote. Nyuzi zake ni nyingi, kila uzi unaburuta dawa, na hewa inapita katikati yake kwa hiyo aghalabu haipashi joto haraka kama sifongo. Ubaya wake ni kwamba inaacha ukungu na alama zake yenyewe, kwa hiyo ukiitumia lazima ufuatishe pedi nyingine laini. Jamii ya pili ni ya nyuzi fupi fupi nyembamba mno, maikrofaiba, inayokata vizuri na kuacha uso safi kiasi. Ya tatu ni sifongo, na hii ndiyo yenye ndugu wengi: kuna ngumu ya kukata, ya katikati ya kung'arisha, na laini ya kumalizia ambayo ukiibonyeza inazama kama mkate uliotoka tanuri sasa hivi.

Hapa watu wengi hudanganyika na rangi ya sifongo. Mtu atakuambia, "Tumia ile ya chungwa." Ya nani? Kila kampuni ina mpango wake wa rangi. Nyeusi ya hawa ni laini ya kumalizia, na hakuna sheria inayowazuia wengine kutia weusi kwenye sifongo ngumu. Soma maandishi yaliyo nyuma, au ibonyeze kwa kidole gumba ulinganishe na nyingine. Kidole hakina kampuni.

Ukubwa nao una maneno yake. Walimu wa fizikia watanisahihisha nikikosea. Mashine ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ni mizunguko 25 kwa sekunde. Pedi yenye kipenyo cha milimita 180 ina mzingo wa kama sentimeta 56.5, kwa hiyo ukingo wake unakimbia kama mita 14 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 51 kwa saa, mwendo wa matatu mjini. Pedi ya milimita 75 kwa mizunguko hiyo hiyo haifiki kilomita 22 kwa saa. Katikati ya pedi, mwendo ni sufuri. Ndiyo maana mashine ya mzunguko mmoja ikiinamishwa, ule ukingo unakula rangi mahali pamoja kama msumeno. Mimi niliinamisha pedi kubwa ya sufu juu ya mkunjo, na kwenye mikunjo rangi huwa nyembamba zaidi, tena mgandamizo wote wa mkono unaangukia mahali padogo. Makosa matatu kwa wakati mmoja! Zipo mashine za mizunguko miwili, ambazo pedi inazunguka huku ikiyumba, nazo zina huruma zaidi kwa mwanafunzi. Mjomba sasa anayo, aliinunua mitumba, na ndiyo ninayoruhusiwa kuishika.

Sasa dawa. Mafundi husema "kampaundi", nasi tuliozoea kufagia kampaundi Jumamosi tunadhani wanasema kuhusu uwanja. Ni uji wenye chembe kali ndani yake. Waliowahi kwenda ziara ya jiografia Kariandusi, karibu na Gilgil, wameuona ule mwamba mweupe mwepesi unaochimbwa pale, diatomaiti, ambao ni maganda ya silika ya viumbe vidogo sana vya majini. Unga wa namna hiyo umetumika katika polishi za vyuma kwa kuwa unakwangua kwa upole. Kampaundi nyingi za magari siku hizi hutumia oksidi ya alumini, ambayo kwa kipimo cha Mohs ni 9, almasi ikiwa 10. Kwa hiyo usidanganywe na ulaini wake mkononi.

Chembe hizo zina tabia mbili, na ni muhimu kujua unayo ipi. Zipo zinazovunjika kadiri unavyosugua: zinaanza kubwa, zinaishia unga mwembamba. Dawa ya namna hii ukiiacha njiani inakuachia ukungu, maana chembe bado ni kubwa. Lazima uifanyie kazi mpaka mwisho wake. Zipo nyingine zisizovunjika, ambazo ukali wake ni ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Hizo unaziacha unapoona kazi imekwisha. Kopo likisema ni dawa ya kukata, ni ya kuondoa mikwaruzo mizito na alama za msasa namba 2000 au 3000. Ikisema ya kumalizia, kazi yake ni kuondoa ukungu na kuleta kina. Katikati zipo za kila namna.

Kuna dawa nyingine za hila, nami sina budi kuzitaja. Hizi zimejaa mafuta na nta zinazoingia ndani ya mikwaruzo zikaijaza. Gari linatoka linang'aa kama kioo, mteja analipa, anaenda zake. Likioshwa mara kadhaa mikwaruzo yote inarudi nyumbani salama salimini. Sisemi ni haramu. Kuna mtu anataka gari lake ling'ae siku moja tu na hataki klia yake iguswe, naye mpe hizo. Lakini aambiwe. Ili kujua kama umeondoa mkwaruzo au umeuficha, changanya spiriti na maji, pangusa sehemu uliyoimaliza, kisha tazama kwa tochi. Mafuta yataondoka na ukweli utabaki.

Je, uchague ipi na ipi? Hili ndilo swali nililomwuliza Mjomba saa saba za usiku, nikitarajia anipe orodha. Hakunipa. Alisema hakuna orodha, kwa maana klia hazifanani. Mafundi wengi wanazisema klia za magari ya Kijapani kuwa laini na za Kijerumani kuwa ngumu, lakini gari likishapakwa upya mahali popote barabarani, hujui tena lina nini. Kwa hiyo unaliuliza gari lenyewe. Osha vizuri, kausha, ondoa uchafu ulioganda kwa ule udongo maalumu wa kusuguliwa na maji ya sabuni, kisha bandika tepu ya karatasi kwenye mikunjo, mipira na kingo. Chagua mraba mmoja wa kama sentimeta 40 kwa 40. Anza na pedi laini na dawa laini. Narudia: laini! Pitisha mara nne au tano polepole, mistari ikipandana nusu kwa nusu, panguse, tazama kwa tochi. Ikiwa mikwaruzo imetoka kiasi cha kukuridhisha, umepata jibu, na gari zima litafuata hivyo hivyo. Ikiwa bado, Mjomba hubadilisha pedi kwanza, aje ngumu kidogo kwa dawa ile ile. Bado tena? Ndipo apandishe dawa. Sufu na dawa kali pamoja ni mlango wa mwisho, si wa kwanza kama nilivyoufanya mimi.

Mambo madogo madogo nitayapitia mbio, mhariri amenipa kurasa chache. Dawa isizidi matone manne au matano ya ukubwa wa maharagwe. Ikizidi, pedi inateleza na kulowa bila kukata. Kila dawa iwe na pedi yake, usizichanganye, maana chembe moja kubwa iliyobaki kwenye pedi ya kumalizia inatosha kukurudisha mwanzo. Pedi ya sifongo isafishwe kwa brashi kila baada ya sehemu chache, na ikianguka chini isirudi kwenye gari mpaka ioshwe. Fanya kazi kivulini, bati likiwa baridi. Weka kiganja mara kwa mara: ukiona huwezi kukiacha pale kwa joto, simama. Kwenye bampa za plastiki uwe mwangalifu maradufu, kwani plastiki haisambazi joto kama bati, linabaki pale pale na klia inaungua.

Ijumaa jioni yule mwalimu alikuja. Nikasimama kando ya boneti mpya nikamweleza, nguo za gari, unene wake, pedi, ukingo, dalili moja yenye maana mbili. Nilisema "hii nini" mara moja tu, naye akainua kidole. Nilipomaliza akauliza swali moja: "Na sehemu nyingine za gari zina klia kiasi gani sasa?" Nikatazama chini, kwa sababu sikuwa nimepima. Mjomba akajibu kwamba gereji yetu haina chombo cha kupimia, ndiyo maana hatagusa milango zaidi ya kuiosha, na boneti isipakwe nta kwa wiki kadhaa mpaka rangi ikauke sawasawa ndani. Mzee akatikisa kichwa, akalipa, Mjomba akamrudishia nusu.

Desemba 2024 gari lile lilirudi. Milango minne, na nta ya boneti. Mjomba alikodi chombo cha kupimia unene kwa fundi mwenzake wa mtaa wa pili, akanikabidhi mimi nikazunguka nacho gari lote nikiandika namba. Nikapiga mraba mmoja kwenye mlango wa nyuma kwa sifongo laini na dawa ya kumalizia. Nilipopangusa, mwalimu mwenyewe ndiye aliyeshika tochi, miwani puani, akiinama na kuinuka kama anayesahihisha insha. "Hapa," akasema, akionyesha alama moja karibu na kitasa. Nikapitisha ukucha. Ulikwama.

"Hiyo tutaiacha, Mwalimu," nikamwambia, na nikamweleza sababu.

Atakayetaka kuziona pedi zenyewe, ninazo tatu kuukuu sandukuni, moja ni ile ya sufu yenye weusi. Anitafute maktabani Alhamisi baada ya prepu.